Neno la Mwenye Njia

4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima, na Baba amenionya niandike kwa mwandiko unaosomeka, maana safari iliyopita lawama ulimpelekea yeye badala ya kunipa mimi.

Nimelipata Shavu. Najua utacheka. Shavu halikupotea, jiwe liko palepale nyuma ya kilima, na wewe ndiye uliyelipa jina kabla sijazaliwa. Ninachosema ni kwamba nimeipata njia ya kulipanda. Jumapili nilifunga kamba juu, kwenye shina la mti, nikashuka polepole hadi chini nikilipapasa jiwe kama mtu atafutaye swichi gizani. Chini kuna ufa mzuri unaomeza vidole vinne. Juu kuna vishikio vilivyopangana kama ngazi. Hata Baba angevipanda na suti yake ya harusi. Tatizo ni katikati, ulipokwama wewe: ule mkanda wa kijani unaokata uso wa jiwe kutoka kulia kwenda kushoto. Unateleza kama sabuni. Una kangaga ndogondogo, na kile kizulia laini kinachonyonya maji, na vimaua vyeupe vidogo kama kichwa cha pini ambavyo sijaviona kwingine kilimani.

Chini ya kizulia hicho kuna vishikio. Nilivihisi kwa kidole. Nikikwangua kiraka kimoja tu, ukubwa wa kitambaa cha meza, ninapita. Nawe unajua kazi yangu ni kuosha madirisha ya ghorofa huku nimening'inia kwenye kamba. Katika chama chetu cha wapandaji hakuna anayenizidi kusafisha kitu kilichosimama wima.

Nina sababu ya kuharakisha. Unamkumbuka Tindo, fundi wa vigae uliyemfundisha kupanda? Ameomba chama kikodi pampu ya maji, ile ya kuoshea malori, ili Shavu lote lioshwe tangu juu hadi chini, kisha afungue njia kwa ajili ya wageni. Mkutano ni tarehe 30. Nikipanda kabla ya hapo, njia ni yangu. Nisipopanda, atapanda yeye juu ya jiwe jeupe kama sahani, na Shavu litakuwa lake.

Niambie nikwangue, Shangazi. Kiraka kimoja.

Bintiyo,
Mjusi


11 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mwandiko umesomeka.

Ninaandika juu ya meza ya kupigia pasi, jikoni kwa mwanangu, kwa kuwa meza ya kulia imetekwa na wajukuu na madaftari yao. Dirishani ninaona ukuta wa jengo la jirani na bomba la maji machafu. Huku kilima cha karibu ni ghorofa, nacho kina lifti. Kwa hiyo usidhani barua yako niliisoma mara moja nikaiweka.

Jibu ni hapana.

Sasa nitakupa sababu, maana sikukulea kwa amri tupu. Umesema wewe ni hodari wa kusafisha, na ni kweli. Lakini kioo kilitengenezwa na mtu ili kiwe safi, kikichafuka, kimepungukiwa. Jiwe halikumwahidi mtu kitu. Mpandaji halisafishi ili lipendeze. Hulisafisha ili asiue wala asiuawe, na ili lishikike, basi. Pande lililolegea litoe, kwa sababu halitauliza aliye chini ni nani. Weka mtu njiani awazuie wapitao, kisha ulishushe. Mchanga na kinyesi cha ndege juu ya kishikio, vipige mswaki. Nimekutumia miswaki, ile laini ya watoto. Burashi ya waya iache kazini kwenu. Lakini kilichoota si uchafu, na si jiwe. Kina makazi yake pale. Ukiweza, kizunguke, usipoweza, rudi nyumbani ukale.

Utaniuliza kama mimi sikung'oa nyasi. Niling'oa, pale mkono ulipohitaji kuingia, na nyasi zile huota hata kwenye mifereji ya paa. Sikatazi kung'oa. Nakataza kung'oa usichokijua hata jina, kwa kuwa tu umechelewa.

Tena umesahau jambo moja, nawe ndiye unayelihitaji kuliko wote. Tangu tulipokianzisha chama, desturi ni hii: anayeipanda njia kwanza, kutoka chini hadi juu, kamba ikiwa imelegea wakati wote bila kumvuta, ndiye mwenye neno juu yake. Hakuna atakayeongeza msumari wala kupunguza kokoto bila ruhusa yake. Neno lako linaweza kuizuia pampu. Lakini ukikwangua kitambaa cha meza leo, Tindo atakuuliza mkutanoni kwa nini yeye asikwangue shuka la kitanda. Utamjibu nini?

Shangazi yako


18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Miswaki imefika. Kila mmoja una picha ya sungura. Mwenyekiti wetu, mfamasia, alipoiona mfukoni mwangu aliniuliza kwa upole kama nimejifungua kwa siri.

Nimefanya kama ulivyosema. Baba alisimama njiani na kofia ngumu kichwani akizuia watu kama askari wa gwaride, nami nikashusha mapande yaliyolegea. Moja lilikuwa pana kama mlango wa kabati. Nilikuwa nimelikanyaga siku ile ya kwanza, nikaliamini. Lilipotua chini Baba aliketi. Vishikio nimevipiga mswaki kimoja kimoja. Ufa wa chini sasa ninaupanda nikiimba.

Kisha nafika kwenye mkanda, nyimbo zinakwisha. Mguu ukigusa kijani, nimekwenda. Kamba inanidaka, ninaning'inia kama nguo iliyoanikwa, ninashushwa, ninaanza upya. Nimejaribu kuuruka, mkono haufiki. Nimejaribu upande wa kulia; ni kipara kitupu. Kushoto ni ukingo mtupu. Nimechunika magoti mpaka bosi wangu amenipa kazi ya ghorofa ya chini kwa huruma.

Tindo huja kutazama na chupa yake ya chai. Hana ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Anasema jiwe likioshwa watoto hawatateleza, wageni watakuja, na kijani chenyewe kitaota tena. Sasa kosa liko wapi? Ndipo akasema, "Mjusi, Shangazi yako hakatazi kwa ajili ya maua. Hataki mtu apite alipokwama yeye."

Nilimwambia akanywe chai yake. Lakini jana nilikwenda karakana kwake kumrudishia kapi yake ya kupitishia kamba, na juu ya benchi, katikati ya vumbi la vigae, niliona bahasha yenye mwandiko wako. Aliponiona naitazama aliifunika kwa kigae. Kumbe unamwandikia! Mimi nakwambia kila kitu, mpaka mahali ninapoangukia. Uko upande gani, Shangazi?

Burashi ya waya imo mfukoni mwangu. Sijaitoa. Nakuarifu tu kwamba imo.

Mjusi


23 Mei

Binti wa kaka yangu,

Niliyomwandikia Tindo ni ya Tindo. Nikikusomea yake leo, kesho nitamsomea yako.

Kuhusu wivu. Mwenye wivu humwombea mwenzake aanguke. Mimi ninataka upite. Ninalitaka jambo hili hata juzi nilitia sukari kwenye mboga, na mkamwana wangu kwa adabu yake akaila. Lakini sitaki upite kwa namna ambayo hata mimi ningeweza kupita. Sikukwama pale kwa kukosa burashi. Nilikuwa nayo.

Hoja ya Tindo si ya kipuuzi, nawe usiidharau. Mjibu hivi: ikiwa kijani kitaota tena, hatujui kitachukua muda gani, na ikiwa hakitaota, tutalijua hilo siku ambayo tumeshakikosa. Mimi sijui, yeye hajui, wewe hujui. Asiyejua asishike pampu. Kuhusu watoto, wanazo njia nyingine kilimani tulizozisafisha zamani kwa ajili ya kujifunzia, nazo hazina kijani cha kuwatelezesha.

Mengine siwezi kukusaidia. Mtu hujikuna ajipatapo, nami nilijikuna nikaishia hapo ulipo. Ningejua pa kupita, ningepita.

Mfuko ni wako na burashi ni yako. Sitakuuliza.

Shangazi yako


28 Mei

Mwalimu,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa vigae. Ukiona nimekosea, wino mwekundu ubaki huko huko.

Ulichoniomba nimekifanya. Kwanza nilikasirika. Mtu gani anamwandikia mshindani maneno kama yale? "Wewe unaitaka njia hii kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo nakuomba wewe umshikie kamba. Ukishika wewe, hakuna atakayesema kamba ilimvuta." Nilisoma, nikarudia, nikasimama pale kama mnara mpaka saruji ikanigandia kwenye ndoo. Ndoo imekufa. Nilikaa na barua yako siku nyingi bila kumwambia Mjusi kitu. Nilikuwa nangoja achoke.

Jumanne ilinyesha mvua kubwa. Unajua sisi wapandaji: mvua ikinyesha, kamba inatundikwa na watu wanalala. Mimi nilikuwa natoka kwa mteja, nikapita njia ya kilima, nikamwona Mjusi amekaa chini ya Shavu na mwavuli wa kazini kwao, peke yake. Nikamwuliza anatazama nini. Akasema maji. Nikamwambia maji angeyaona hata bafuni kwake, tena ya moto. Akaniambia nikae na nifunge mdomo.

Nikakaa. Maji yalikuwa yakishuka juu ya jiwe, yakifika kwenye mkanda wa kijani yanaufuata kwenda kushoto, taratibu, mpaka kwenye ule ukingo mtupu. Hapo nilitegemea yadondoke. Hayakudondoka, Mwalimu. Yalipotea. Chini ya ukingo hapakuwa na tone. Mimi nimejenga mabafu nusu ya maisha yangu. Maji yakipotea ukutani, najua nyuma ya kigae kuna nafasi. Nilijua, na nikageuka nikaona yeye ameshajua. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kesho yake alfajiri ningeweza kuja peke yangu.

Basi nikaitoa barua yako mfukoni nikampa.

Aliisoma chini ya mwavuli. Akanigeuzia mgongo, akalitazama jiwe muda mrefu, sikumwona uso. Kisha akasema, "Kaka, Alhamisi kutakuwa kumekauka. Utakuja?"

Nilikwenda leo asubuhi. Alipokwisha kujifunga, alitoa burashi ya waya mfukoni akanipa, akasema nikae nayo kwa kuwa inamwongezea uzito. Nikaitupa kwenye kapu langu. Ufa wa chini aliumaliza kama anapanda ngazi za kwao. Alipofika chini ya kijani hakukigusa. Alikwenda kushoto, vidole vya miguu juu ya vichunusi vya jiwe ambavyo mimi nisingeviamini hata kubeba kikombe, mpaka ukingoni. Akanyoosha mkono. Mkono ukazunguka ukingo, ukaingia, ukaendelea kuingia mpaka kiwiko. Kumbe ukingo ule ni wa bamba la jiwe lililojitenga na ukuta kama kitabu kisichosukumwa hadi mwisho wa rafu, nawe ukilitazama kutoka chini huoni kitu.

Hapo mguu ukateleza. Mwalimu, alining'inia kwa mkono mmoja. Kamba ilikuwa mikononi mwangu. Nikwambie ukweli, maana wewe ndiye uliyenifundisha: kama ningeivuta kidogo tu, kwa huruma, ningemwokoa na ningemharibia. Na huruma ilikuwepo. Niliiacha ilegee, tayari kumdaka akianguka. Nilikuwa nimeuma midomo mpaka damu. Akarudisha mguu. Akavuta pumzi. Akapanda nyuma ya lile bamba, jiwe tupu lisilo na jani, akatokea juu ya mkanda wa kijani akiwa hajaukanyaga hata kwa kivuli, akashika vishikio vya juu, akaenda.

Kule juu hakupiga kelele. Aliketi. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Watu walikuja mbio wakidhani nimeangukiwa na jiwe.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nimekubali. Lakini pampu ni jambo lingine. Bado naiombea, na mkutanoni nitasema. Usije ukasema sikukwambia.

Mwanafunzi wako,
Tindo


31 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Tindo ameapa kwamba katika barua yake hakutia chumvi, kwa hiyo nadhani alitia, lakini habari ndiyo hiyo. Nilipita.

Nilikuuliza uko upande gani. Nisamehe. Ulikuwa umeshika ncha zote mbili za kamba.

Sasa sikiliza ya mkutano. Tulikaa chumba cha nyuma cha duka la dawa, wengine juu ya viti, wengine juu ya maboksi ya pamba, feni ikizunguka kwa shida. Tindo alisema kwanza. Alisema vizuri, Shangazi, mpaka nikaogopa. Aliwataja watoto walioteleza, na wageni waliogeuza gari baada ya kuliona jiwe. Vichwa vilianza kuitikia. Kisha Mwenyekiti akauliza, kama desturi inavyotaka, iwapo Shavu lina mwenye njia.

Nikasimama. Nikaeleza nilivyopita. Jamaa mmoja nyuma akauliza nani aliyeshika kamba, Baba yangu? Watu wakacheka, na Baba, aliyekuwa amekalia boksi lake, akacheka nao kwa sauti kubwa kuliko wote ili kuficha haya. Nilifungua mdomo kujibu, lakini Tindo alikuwa ameshasimama.

"Mimi," akasema. "Na haikukazwa. Mikono yangu ilitaka, lakini haikukazwa."

Watu walimtazama aliyetaka pampu, wakanitazama mimi, na hakuna aliyeuliza tena. Mwenyekiti akavua miwani akasema, "Mwenye njia, una neno gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Yote ilinitoka kichwani. Nikasema, "Njia inaitwa Pisha. Vishikio vipigwe mswaki, na pande likilegea lishushwe. Kijani kisiguswe kwa mkono, kwa mguu wala kwa maji. Asiyeweza kukizunguka akwame pale, kama Shangazi yangu alivyokwama. Hapo si pabaya pa kukwama."

Kuhusu watoto niliwajibu ulivyonifundisha, nikaongeza kwamba kila Jumamosi nitawafundisha mwenyewe kwenye zile njia za zamani. Lakini ilibaki shida ambayo wewe hukuiona wala mimi. Neno langu linahusu njia yangu tu. Shavu ni pana. Pampu ingeweza kuosha kulia kwangu na kushoto kwangu, na maji yakaondoka na kijani chote vilevile. Mtu mmoja alilisema hilo, tena kwa furaha. Nilitazama sakafu.

Tindo alikuwa bado amesimama. Akakuna shingo. Akasema ombi la pampu lilikuwa lake, na kwa hiyo ni lake kuliondoa. "Nilitaka jiwe lifunguke," akasema. "Limefunguka bila kuoshwa. Sasa nioshe nini?"

Ombi likafutwa. Kura zilipopigwa kuhusu uso uliobaki, kwamba kijani cha Shavu chote kiachwe mpaka apatikane mtu wa mimea wa kutuambia ni nini, mikono iliinuka mingi hata Mwenyekiti akaacha kuhesabu. Pampu ilikuwa imeshafika mlangoni, mwenye kuikodisha akakataa kuirudisha bila kazi, kwa hiyo tumeitumia kuoshea ngazi za duka la dawa. Zinang'aa. Mimi ndiye niliyeziosha. Nilitamani kusafisha kitu.

Leo asubuhi Tindo alijaribu Pisha, nami nikamshikia kamba. Akaanguka, akacheka, akaanguka tena. Anasema nyuma ya bamba lile mkono wake ni mnene. Nimemwambia asilaumu bamba, alaumu chapati. Amebaki kule chini anatazama juu, na amekataa kwenda kazini.

Bintiyo,
Mjusi


7 Juni

Binti wa kaka yangu, mwenye njia,

Marahaba.

Umeandika kwamba pa kukwama hapo si pabaya. Umesema kweli, ingawa ungeniuliza miaka ile ningekujibu vingine. Nimekuwa nikifikiri ni kwa nini mimi sikuliona lile bamba, nami macho yangu yalikuwa mazuri kuliko yako. Tindo ameliandika bila kujua: sikwenda kule siku ya mvua hata mara moja. Hakuna kati yetu aliyekwenda. Tulilichagulia jiwe siku za jua, tukadhani tumelijua lote. Wewe ulikwenda siku ambayo hukuwa na la kupanda, na hicho sikukufundisha mimi. Jivunie.

Wivu nao ulikuja, nikuarifu, baada ya furaha, ukakaa kama mgeni asiyekaribishwa chai, ukaondoka.

Barua yako ilifika tukiwa mezani. Niliisoma nimesimama. Nilipofika mahali Tindo aliposema "Mimi," nilishika ukuta, na mkamwana wangu akaweka kijiko chini akauliza kwa woga ni nani aliyefariki.

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia, "Tumepita."

Walitazamana. Hapa hakuna anayejua Shavu ni nini, na sikueleza. Niliketi, nikala, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii nikaomba niongezewe.

Shangazi yako